Pikapu ya petroli au dizeli kwa kuvuta boti? Uzoefu wangu baada ya kumiliki zote mbili

Nilikaa na pikapu ya petroli miaka kadhaa, nikaiuza nikahamia dizeli, na zote mbili nimevutia boti ileile, fibagilasi ya mita 6 hivi yenye injini ya nje ya hospawa 150, kwa hiyo siandiki kwa kusoma katalogi. Msimamo wangu nautoa mapema ili mwenye haraka asihangaike kusoma yote. Boti yako ikiwa nyepesi na maji yako karibu, chukua petroli na ulale usingizi. Ikizidi tani moja na nusu pamoja na tela, au njia yako ina milima ya maana, chukua dizeli. Ila kuna swali moja naona watu wanalirukaga, nalo ni hiyo gari itakuwa inafanya kazi gani siku ambazo hakuna boti nyuma, na kwangu mimi hilo lina uzito kuliko mabishano yote ya injini.

Kwenye kuvuta kwenyewe tusidanganyane, dizeli inavuta. Tuchukue Hilux maana wengi tunaijua: injini ya petroli ya lita 2.7 inatoa toki (nguvu ya kuzungusha, inapimwa kwa Nm) ya Nm 245, na mpaka uipate yote lazima mshale wa revu (mizunguko ya injini kwa dakika) ufike 4000. Ya dizeli ya lita 2.8 yenye gia oto, toleo la kuanzia 2020, inatoa Nm 500, na inaanza kuzitoa mshale ukiwa kwenye 1600 tu, inashikilia hivyo mpaka 2800. Zaidi ya mara mbili, tena kwenye revu ambazo petroli bado haijaamka.

Sasa hizo namba barabarani zinakuwaje. Na petroli unaingia mlimani, gari inasita kidogo, inashusha gia, mshale unaruka mpaka 4500, kelele inajaa ndani mpaka abiria wanaacha kuongea, ikipata kasi kidogo inapandisha gia, inakosa nguvu, inashusha tena, na hivyo hivyo mpaka kileleni. Shemeji yangu kila tukipanda ananiuliza "shem, hii gari ni nzima kweli?" na ni nzima kabisa, ndivyo petroli isiyo na tabo (kile kifaa cha kusukumia injini hewa) inavyofanya ikipewa mzigo. Dawa yake ni kutoiachia oto ijiamulie, unaifunga kwenye gia ya chini mwenyewe unapanda taratibu, kwa sababu ule mchezo wa kubadilisha badilisha gia ndio unaochemsha oili ya giaboksi, na giaboksi ikishaanza kuungua hakuna fundi atakayekupa habari nzuri. Na dizeli mlima uleule mshale unakaa 2000 na kitu, gia haibadiliki, stori zinaendelea.

Na kadri unavyopanda juu kutoka usawa wa bahari tofauti inaongezeka. Injini isiyo na tabo inapoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1000 za mwinuko maana hewa inakuwa nyepesi. Yenye tabo inajilazimishia hewa, haisikii sana. Kwa hiyo wa kwenye ziwa la milimani hali yake si sawa na ya mtu wa pwani.

Ila haki itendeke, mambo yamebadilika. Petroli za siku hizi zenye tabo si zile tulizozoea. F-150, pikapu ya Ford, yenye EcoBoost (petroli yao ya tabo) ya lita 3.5 inatoa karibu Nm 680, na Ford wenyewe waliiondoa dizeli ya lita 3.0 kwenye F-150 mwaka 2021. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema petroli haivuti, muulize kwanza petroli ipi. Hiyo ya tabo inavuta kweli, tatizo ni kiu. Ikishapewa mzigo inakunywa mafuta bila huruma.

Kwenye mafuta yangu yalikuwa hivi. Petroli bila tela nilikuwa napata kilomita 8 kwa lita, nikifunga boti inashuka mpaka 5, upepo ukiwa wa mbele hata hiyo 5 ni ya kuombea. Dizeli bila tela ni 11, na boti ni 7 na nusu, nikikaza mguu inashuka 7. Sehemu ya hiyo tofauti ni injini yenyewe maana dizeli inagandamiza hewa zaidi kwa hiyo haipotezi joto sana, na sehemu ni mafuta yenyewe, lita ya dizeli ina nishati zaidi ya lita ya petroli kama asilimia 10 mpaka 15. Lakini kitu kilichonisaidia kuliko vyote ni kasi. Boti ni kubwa, inakamata upepo, ukitoka 110 ukarudi 85 unaona tofauti kwenye geji siku hiyohiyo, gari iwe ya nini.

Mahali ambapo petroli ilinifurahisha kuliko dizeli ni mteremko, na najua hapa kuna watakaobisha. Petroli ukiachia mguu kuna kidude kinafunga njia ya hewa, injini inahangaika kuvuta pumzi, na huko kuhangaika ndiko kunaishika gari. Dizeli haitegemei kufunga hewa namna hiyo, kwa hiyo ukiachia mguu inatiririka zaidi ya unavyotarajia, labda iwe na breki ya ekzosi kama zile pikapu kubwa za Kimarekani. Na tani mbili zinakusukuma nyuma hilo unalisikia mpaka mgongoni. Mimi sasa naweka gia ya chini kabla mteremko haujaanza, na breki nakanyaga kwa nguvu kidogo halafu naachia, sikai juu yake mpaka zinuke. Tela lako liwe na breki zake pia, nchi nyingi tela lisilo na breki mwisho ni kilo 750, na boti ya maana na tela lake haiwezi kuwa nyepesi hivyo.

Uzito ndio watu wanaojidanganya nao zaidi. Ule ulioandikwa kwenye karatasi ya boti mara nyingi ni wa bodi tupu. Injini ya nje ya hospawa 150 peke yake ina zaidi ya kilo 200. Petroli lita 150 ni kilo 110 na kitu. Tela lenyewe kilo 400 au 500. Ongeza betri, nanga na cheni, maboya, friji la samaki na barafu yake, makoti ya kuokolea, na vile vikorokoro ambavyo havitokagi kwenye boti mwaka mzima. Yangu niliyokuwa naiita ya kilo 900, kwenye mizani ikiwa juu ya tela ilisoma karibu 1800. Peleka kwenye mizani kabla hujaenda kuchagua gari, vinginevyo unabishana kuhusu injini ya kuvuta kitu usichokijua uzito.

Na pikapu ikiandikwa inavuta kilo 3500 usidhani ni 3500 pamoja na familia na mizigo kwenye kebini. Kuna kikomo cha jumla, gari na tela na kila kilichomo, ukivuta 3500 kamili mara nyingi unabakiwa na nafasi ya watu wachache na begi. Halafu ule uzito tela linaoukandamiza kwenye boli la kuungia nao unahesabika kama mzigo wa gari. Mimi naweka asilimia 8 mpaka 10 ya uzito wa tela likandamize pale. Ukiwa mdogo sana tela linaanza kucheza mkia ukifika 90, ukizidi matako ya gari yanazama na usukani unakuwa mwepesi. Kurekebisha si kazi, unalegeza nguzo ya winchi (ile ya kukazia kamba ya boti kwenye tela) unaisogeza mbele au nyuma kidogo, boti inakaa sawa. Hakuna Nm zitakazokusaidia kama hapo hapajakaa vizuri.

Haya, kwenye kushusha boti majini. Wengi wanadhani hapa ndipo dizeli inashinda, mimi sijaona. Pale tatizo ni mshiko wa tairi. Unakuta zege limelowa, lina utelezi wa kijani wa mwani, tairi za nyuma za pikapu ndizo ziko kwenye huo utelezi na boti inakuvuta kurudi majini, ukiikanyagia dizeli yenye toki kubwa ndio tairi zinazunguka bure kabisa. Kinachotoa boti ni foo bai foo na gia nzito ya kutambaa. Unaiweka, unaachia breki polepole, gari inatambaa yenyewe hata mafuta hujakanyaga, unaona kamba ya winchi inakaza, maji yanachuruzika kwenye tela, umetoka. Hiyo nimeifanya na petroli na nimeifanya na dizeli, sikuona tofauti ya kuhadithia. Tofauti niliyoiona ni ya gia, jamaa yangu ana manyuali na kila akitoa boti tunanusa klachi sote.

Halafu kuna jambo dogo la kwenye boti ambalo wauza magari hawakuambii. Injini ya nje inatumia petroli. Ukiwa na pikapu ya petroli, dumu moja linahudumia vyote viwili, boti ikiishiwa unachota, gari ikiishiwa unachota. Ukiwa na dizeli unatembea na aina mbili, na siku moja kwenye giza kabla ya alfajiri mtu atachukua dumu lisilo lake. Petroli kwenye dizeli ya kisasa ni msiba, kwa sababu dizeli yenyewe ndiyo inalainisha ile pampu ya presha kubwa, petroli inaikausha, chuma kinasagana, vipande vinakwenda mpaka kwenye noozeli. Ikitokea usiwashe, hata swichi usigeuze, tangi litolewe mafuta kwanza. Madumu yangu yana rangi tofauti na hayakai upande mmoja wa gari. Na maji kwenye dizeli ni hivyo hivyo adui, ile filta ya kutenganisha maji ifunguliwe ikaguliwe, hasa kama unajaza mafuta vituo vya vichochoroni karibu na maji.

Sasa lile swali la siku zisizo na boti. Dizeli za kisasa zina kichujio cha masizi kwenye ekzosi. Kikijaa, gari inayachoma hayo masizi yenyewe, ila inahitaji ekzosi ifike joto la nyuzi 600 hivi na ibaki hapo kwa muda. Ukiwa unavuta boti safari ndefu hilo joto linapatikana bila shida, kichujio kinajisafisha wala hujui. Kinachokiua ni kupeleka watoto shule, kilomita tatu unazima, dukani unazima, ofisini unazima. Kichujio kinajaa, taa inawaka, gari inajipunguzia nguvu, na kukibadilisha ni hela ya kukutoa jasho. Nyingine zinataka na AdBlue (kimiminika cha kusafisha moshi) juu yake, ikiisha kabisa gari inagoma kuwaka. Kwa hiyo mtu anayevuta boti mara moja moja na siku nyingine zote ananunua mkate kwa pikapu, huyo dizeli itamsumbua hata kama inavuta kama tembo. Mimi niliihamia kwa sababu kazi yangu inanipeleka safari ndefu kila wiki, boti ilikuwa sababu ya pili. Ningekuwa mtu wa mjini tu ningebaki na petroli yangu na kelele zake mlimani.

Sevisi sina mengi. Dizeli inataka oili nyingi zaidi na filta zaidi na haisamehi ukichelewesha, petroli ina plagi na inavumilia uzembe. Kudumu zote zinadumu zikitunzwa.

Na kama unatafuta iliyotumika, ya petroli au ya dizeli, uliza kama ilikuwa inavuta boti halafu usiamini jibu, lala chini uangalie. Kutu kwenye chesisi ya nyuma, kwenye mabomba ya breki na kwenye boliti za kile chuma cha kuungia tela inakuambia imeshaingizwa sana kwenye maji ya chumvi. Vuta oili ya giaboksi uinuse, ikiwa nyeusi na inanuka kuungua iache hapohapo. Kama ni ya dizeli, omba fundi aichomeke kompyuta asome kichujio kimejaa kiasi gani, hiyo ni kazi ya dakika chache tu, na muuzaji akianza kutafuta visingizio ili isichomekewe, wewe rudisha funguo uage.