Uzoefu wangu na Astro City: mashujaa wanapotazamwa na watu wa chini yao

Nilipoagiza kitabu cha kwanza cha Astro City, mfululizo wa katuni za mashujaa kutoka Marekani, nilitarajia ngumi. Majalada ya mfululizo huu huchorwa na Alex Ross, ambaye hupaka rangi kwa mkono akiwatumia watu halisi kama vielelezo, kiasi kwamba shujaa anayeruka huonekana ana uzito na vazi lake lina mikunjo ya kitambaa cha kweli. Mtu akiyaona majalada hayo huamini kwamba ndani kuna vita ukurasa hadi ukurasa. Kitabu kilinifikia Mbeya kwa basi kutoka Dar es Salaam, kona yake ya juu ikiwa imelowa na kuvimba kwa sababu kifurushi kilibanwa chini ya mizigo ya watu, na pale stendi hakuna aliyekubali kuwajibika. Nilikianika, nikakisoma kwa usiku mbili, na vita nilivyovitarajia vilikuwa vichache mno. Nilichokikuta badala yake kimenifanya nitafute vitabu vinavyofuata kwa gharama ambayo sijamweleza mke wangu kikamilifu.

Mwandishi wa hadithi ni Kurt Busiek, na mchoraji wa kurasa za ndani ni Brent Anderson. Mfululizo ulianza mwaka 1995 chini ya Image Comics ya Marekani, ukahamia kwa wachapishaji wengine, na kati ya 2013 na 2018 ukatoa matoleo 52 chini ya Vertigo. Hauna shujaa mmoja wa kudumu, kwani mhusika wake mkuu ni mji wenyewe, ambao zamani uliitwa Romeyn Falls kabla haujabadilishwa jina kwa heshima ya shujaa aliyeitwa Astro-Naut. Juu ya mji huo umesimama mlima uitwao Kirby, jina lililotolewa kwa Jack Kirby, mmoja wa wachoraji wakubwa wa katuni za Marekani. Sisi tunaoamka kila siku tukiutazama mlima Loleza kujua kama mvua itanyesha tunaelewa bila kufafanuliwa jinsi mlima unavyoweza kuwa sehemu ya tabia ya watu wa mjini.

Hadithi ya kwanza inamhusu Samaritan, mwenye nguvu kuliko wote. Anapolala huota anaruka taratibu, bila haraka, kwa raha yake tu, lakini akiamka hana nafasi hiyo, kwa maana kutwa nzima anakimbizana na majanga ya dunia, na kila safari ya angani anaihesabu kwa sekunde kwa sababu ndio muda pekee anaoupata wa kuwa hewani. Jioni anajumlisha, na jumla haifiki dakika moja. Mimi ni mhasibu, na nakiri kwamba sijawahi kuona hesabu ya kujumlisha ikiumiza kiasi kile.

Hata hivyo hadithi iliyonifanya niandike maelezo haya ni ya nne. Inamhusu Marta, binti anayeishi Shadow Hill, mtaa wa wahamiaji ambako viumbe vya usiku ni jambo la kawaida, watu huweka hirizi madirishani na milangoni, na kiumbe aitwaye Hanged Man huelea juu ya mapaa akilinda. Kila asubuhi Marta hupanda gari kwenda kazini katikati ya mji, kwenye majengo marefu ya vioo, na anawaza kuhama nyumbani ili awe mtu wa mjini kamili. Niliisoma ndani ya kosta kutoka Uyole nikielekea Mwanjelwa, nimebanwa na dirisha, ndoo ya parachichi za abiria mwenzangu ikiwa miguuni pangu. Nilizaliwa Tukuyu. Kwa miaka ya mwanzo ya kazi nilikuwa napunguza sauti mama akipiga simu na kuanza na “Ugonile”, salamu ya kwetu ya Kinyakyusa, kana kwamba wenzangu ofisini wangeninyang’anya kiti. Busiek hakuwahi kuisikia salamu hiyo, lakini anaijua aibu ile vizuri.

Kinachofuata katika hadithi ni cha akili sana. Wahalifu wenye nguvu za ajabu wanavamia mji wakati Marta yupo katikati yake, na hapo anagundua kwamba hatari za mtaani kwao angalau anazijua: anajua saa ya kufunga dirisha na anajua la kufanya asikiapo mlio fulani. Hatari za mjini hazina utaratibu wowote anaoufahamu, na mashujaa wanaokuja kuwaokoa watu ni wageni kwake sawasawa na wahalifu. Anaamua kubaki Shadow Hill. Msomaji mwingine anaweza kuuona uamuzi huo kuwa woga, na kwa kweli nilipousoma mara ya kwanza uliniudhi, kwa kuwa mimi nilihama. Mara ya pili niliona kwamba mwandishi hamsifu wala hamlaumu, na kwamba ule ukurasa ambao Marta amerudi salama nyumbani umechorwa na Anderson kwa utulivu unaomwachia msomaji aamue mwenyewe.

Mpwa wangu wa kidato cha pili, anayewajua mashujaa kupitia sinema, alikichukua kitabu, akapekua na kuuliza, “Mjomba, mbona hawapigani?” Nikamwonyesha hadithi ya pili, ambamo mwandishi wa habari mzee anasimulia alivyoshuhudia ujanani, mwaka 1959, vita kubwa vya mashujaa na wahalifu wenye umbo la papa, lakini mhariri akamtaka athibitishe kila sentensi, na kila kisichothibitika kikakatwa. Kilichochapwa mwishoni ni habari fupi kwamba papa amekutwa kwenye reli na kuchelewesha treni. Kijana alicheka hadi bibi yake akaja kuuliza kuna nini.

Zipo kasoro. Michoro ya ndani, ikilinganishwa na majalada, huonekana ya kawaida mno mwanzoni, na inahitaji kurasa kadhaa ili jicho lizoee. Majina ya mashujaa ni mengi na hutajwa kana kwamba msomaji amekulia nao. Kiingereza chake kina maneno mengi kwa kila kisanduku, hivyo kusoma kwenye simu ni mateso. Mfululizo pia ulisimama kwa vipindi virefu, kwa sehemu kutokana na maradhi ya mwandishi, na nadhani hiyo ni sababu mojawapo ya kutofahamika kwa kiwango unachostahili. Sababu nyingine ni kwamba tuzo ulizoshinda, ikiwemo ya Eisner ya mfululizo bora mpya mwaka 1996, zinajulikana kwa wapenzi wa katuni pekee; watu wetu humfahamu shujaa akishafika kwenye sinema.

Kwa anayetaka kuanza, nashauri aanze na kitabu cha kwanza, Life in the Big City, chenye matoleo sita ya mwanzo, ambacho hakihitaji ujuzi wowote wa awali. Baada ya hapo asikiruke cha pili, Confession, kwa ajili ya hadithi fupi iliyowekwa mwishoni kuhusu mwanamume anayemwota kila usiku mwanamke asiyemjua, hadi anapoelezwa kwamba alikuwa mke wake, na kwamba vita vya mashujaa vilivuruga wakati hata mwanamke huyo akawa hajawahi kuzaliwa. Anapewa nafasi ya kusahau. Hiyo sitaieleza zaidi, ila nashauri isisomwe ndani ya kosta.