Nimeuziwa Bastola, Nikapewa na Tusi la Mlenda

Bastola yenyewe nzuri, nianze na hilo ili asije mtu akasema nina chuki. Kinachonifanya niandike usiku huu ni yule kijana wa kaunta aliyeniambia, mbele ya wateja wawili na mlinzi wa mlangoni, kwamba nina mkono wa mlenda.

Mimi ni wakala wa jumla wa pesa za simu, Kariakoo. Nafunga giza likiwa limeingia na mfuko ninaobeba una pesa za watu. Kabla ya masika walimvamia jirani yangu wa fremu ya tatu, ndipo mama watoto alipoacha kunibishia habari ya silaha. Habari ya kibali siisimulii, aliyewahi kuomba kumiliki silaha tangu ije ile sheria ya 2015 anaujua mlolongo: serikali ya mtaa, polisi, alama za vidole, kamati ya ulinzi na usalama, njoo kesho, njoo Jumatatu. Nilivumilia. Kwa hiyo siku nimeingia dukani na pesa ambayo ingenipa bodaboda mpya, nilitegemea angalau niitwe mteja.

Nikaipenda papo hapo. Ndogo, inalala ndani ya mkanda, ukiachia shati hakuna anayejua kama umebeba mguu wa kuku au funguo za ofisi. Kasoro ya kuvaa ni ya Dar, si ya kiwanda: jasho linateremka mgongoni moja kwa moja hadi kwenye chuma. Wiki ya pili tu nikakuta kidoa cha kutu kwenye kilengeo cha nyuma. Tangu hapo, kila siku niliyoivaa, nikifika nyumbani nilikuwa naifuta na kuipaka mafuta kabla sijavua viatu, kisha inaingia kwenye sefu.

Nikaenda uwanja wa shabaha na boksi mbili, risasi mia. Watu wenye silaha wanasema usiiamini bastola mpya mpaka imepitisha kama mia mbili bila kukwama, maana springi bado ngumu na vyuma havijazoeana. Springi ya magazini, kile kikasha cha risasi kinachoingia kwenye mpini, ni ngumu kweli. Risasi tatu za mwisho nilizisukuma hadi ukucha wa kidole gumba ukaingia damu.

Risasi ya saba, kimya. Naangalia, ganda limesimama wima pale linapotakiwa kurukia nje, limebanwa na slaidi, kile chuma cha juu kinachorudi nyuma ukipiga, kama mswaki wa mti mdomoni mwa mzee asubuhi. Nikatoa kidole kwenye kifyatulio, mdomo wa bastola bado kwenye shabaha, nikachomoa magazini, nikavuta slaidi, ganda likadondoka. Nikaendelea. Ya kumi na mbili, tena. Hadi namaliza boksi ya kwanza imekwama mara sita. Ile ya pili sikuifungua. Nilikuwa nawaza kitu kimoja tu: ningekuwa uchochoroni, kibaka wa bodaboda yuko mbele yangu na panga, mimi nachezea ganda.

Kesho yake nikarudi dukani. Kijana hata hakuishika. Alikuwa anachati. Akasema, "Mzee, hiyo haina tatizo. Wewe una mkono wa mlenda." Yule mlinzi akacheka. Mimi nina miaka hamsini na kidogo, huyo ni rika la mtoto wangu wa pili, na shikamoo yenyewe hakunipa. Nikamwambia anirudishie pesa. Akajibu silaha ikishaandikwa kwa jina lako haiwi tena kiatu cha kubadilisha saizi. Hapo, nakiri, alisema kweli, ila kuna namna ya kusema kweli kwa mtu mzima.

Siku iliyokuwa imebaki sikuuza vizuri. Hasira ilinifanya nimtumie mteja laki mbili badala ya ishirini elfu. Alirudisha, Mungu ambariki.

Jumamosi moja nikarudi uwanjani na kumwomba mwanajeshi mstaafu anayetufundisha pale anisaidie. Akaifungua kwanza. Hata hakuniuliza kama niliisafisha, alipitisha kitambaa tu ndani, kikatoka na ile grisi nzito ya kiwandani. Akaifuta yote, akatia matone machache ya mafuta mepesi. Akapiga magazini nzima kwa utulivu, maganda yakaruka kama mahindi ya bisi. Akanipa mimi. Ya nne, ganda likasimama.

Akanishika kifundo cha mkono, akakitikisa. Kilikuwa kinacheza. Alinieleza hivi: slaidi inasukumwa nyuma na nguvu ya risasi, na ili ifike mwisho wa safari itupe ganda, mwili wa bastola lazima utulie. Bastola nyepesi yenye mwili wa plastiki ukiishika kwa ulegevu inarudi yote kwa pamoja, slaidi inaishia njiani. Nikakaza kifundo, mkono wa kushoto ukabana juu ya wa kulia. Ishirini na tano mfululizo, safi.

Kwa hiyo kijana alikuwa sahihi? Ndivyo nilivyokuwa nakaribia kukubali, roho ikiniuma, mpaka nikaweka magazini ya pili. Ikakwama. Nikampa afande, naye ikamkwama, mara mbili, risasi inainua pua na kugonga ukingo wa chemba, lile tundu la nyuma ya mtutu inapokaa risasi, badala ya kuingia. Akaandika A na B kwenye vitako vya magazini kwa kalamu ya wino mzito. A haijagoma tena. B inagoma mkononi mwa yeyote.

Mlenda basi ulikuwa nusu wangu, nusu wa duka. Nimerudi na B mara mbili. Mara ya kwanza "bosi hayupo", mara ya pili kijana akaniuliza kama nimeshaanza kula ugali.

Nilipanga kuipa nyota mbili. Bastola ikiwa na A nitaipa nne. Duka halipati hata moja, ingawa afande anasema risasi wanazouza wao ndizo bora na itabidi nirudi kwao. Jumamosi ijayo nina boksi moja nzima na magazini A peke yake. Zikipita zote hamsini nitarudi kuivaa kwenda kazini. Kwa sasa inalala kwenye sefu, na mfuko nausindikiza na mlinzi wa kukodi.