Kompyuta ya nyumbani ya kupigia simu za intaneti: kipi kinunuliwe kwanza

Familia nyingi za huku sasa zimetawanyika: kaka yuko Muscat, binti anasoma Uturuki, shangazi yuko Minnesota. Simu ya mkononi inatosha kwa salamu za dakika tano. Lakini likija suala la kikao cha harusi, hesabu za nyumba inayojengwa Kibaha, au bibi anayetaka kuwaona wajukuu wake wote kwa mara moja, kinachofaa ni kompyuta iliyotulia mezani, yenye sauti safi na intaneti ambayo mfuko unaimudu.

Wengi wakipata hela huanza na mashine. Fungu lote linaishia kwenye laptopu inayong'aa, halafu wanategemea maiki yake ya ndani na intaneti ya kurushiwa kutoka kwenye simu ya mtu aliyepo sebuleni. Ndipo kikao kizima kinageuka kuwa "Unanisikia? Haloo? Umekatika, rudia." Mimi napanga manunuzi kinyume: hela ya kwanza iende kwenye hedseti (kifaa cha kuvaa kichwani chenye spika za masikio na maiki), ya pili kwenye mtandao, ya tatu kwenye kompyuta, na kamera ije mwisho kabisa. Ukiwa na kompyuta ya kawaida tayari, hedseti nzuri tu itakubadilishia kila kitu, na yenyewe ni makumi ya maelfu ya shilingi wakati laptopu ni mamia ya maelfu.

Hedseti

Nambari moja ni hedseti ya waya inayochomekwa USB. Sababu ni kwamba ina kadi yake ya sauti ndani, kwa hiyo haitegemei tundu la eafoni la kompyuta, ambalo kwenye laptopu za mtumba mara nyingi limelegea au lina kutu na linakoroma ukiligusa. Unachomeka, kompyuta inaitambua yenyewe, unaongea. Chagua yenye mkono wa maiki unaofika karibu na mdomo, na kitufe cha kuzima maiki kwenye waya. Kitufe hicho usikidharau: mvua ikianza kupiga kwenye bati, unabonyeza na wengine wanaendelea kusikilizana bila wewe kuwa kero.

Nambari mbili ni eafoni za waya zenye maiki, kama zile za simu. Zinafanya kazi vizuri kuliko watu wanavyodhani, ila angalia pini. Ikiwa na pete tatu nyeusi, ina sehemu nne za mguso, na mojawapo ni ya maiki. Laptopu nyingi zenye tundu moja zitaipokea. Kompyuta kubwa ya mezani mara nyingi ina matundu mawili, la kijani la kusikiliza na la pinki la maiki. Hapo utahitaji kigawanyio kidogo chenye miguu miwili. Usipokuwa nacho utasikia vizuri lakini hutasikika, na utamlaumu mtu wa mtandao bure.

Nambari tatu ni spika ya mezani yenye maiki, ile ya duara inayowekwa katikati ya meza ili familia nzima iongee. Inafaa kwa bibi na wajukuu, na kwa chumba chenye mapazia na makochi. Kwenye chumba kitupu chenye sakafu ya vigae, sauti inarukaruka ukutani na wa upande wa pili wanapata shida.

Ya mwisho ni ya Bluetooth, na najua hapa nitabishiwa. Kwa kusikiliza muziki ni sawa. Kwa simu kupitia kompyuta ni hadithi nyingine: maiki yake ikishawashwa, nyingi hulazimika kuhamia hali ya simu, ambapo sauti inabanwa na kuwa nyembamba kama ya redio ya mbali. Mtu anadhani bando limeisha kumbe ni hedseti. Ongeza betri inayoisha katikati ya mazungumzo, na huoni kwa nini uilipie zaidi.

Jambo moja kuhusu mwangwi, kwa sababu linagombanisha watu. Ukisikia sauti yako mwenyewe ikikurudia, tatizo haliko kwako. Spika ya mwenzako inatoa sauti yako, maiki yake inaichukua na kukurudishia. Mwambie yeye avae eafoni au apunguze spika. Wewe ukibadilisha hedseti mara tatu, mwangwi utabaki palepale.

Mtandao

Simu ya sauti haili bando kiasi hicho. Programu nyingi za leo zinatumia mbinu ya kubana sauti iitwayo Opus, iliyopitishwa kuwa kiwango cha kimataifa mwaka 2012, na kwa kilobiti 40 kwa sekunde sauti ya mtu inafika safi. Piga hesabu: 40 kwenda na 40 kurudi ni 80, yaani kama megabaiti 36 kwa saa nzima. Ukiwasha video ya ubora wa kawaida, tuseme megabiti 1 kila upande, saa hiyohiyo inakula karibu megabaiti 900. Kwa hiyo ushauri wangu kwa mwenye bando dogo ni rahisi: anza na video, msalimiane, muonane nyuso, kisha zima picha na mwendelee na sauti.

Kinachoharibu simu zaidi ya kasi ni ucheleweshaji. Shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, linashauri sauti isichukue zaidi ya milisekunde 150 kufika upande wa pili ili mazungumzo yawe ya kawaida. Ikizidi sana, mnaanza kuongea kwa pamoja, mnanyamaza kwa pamoja, mnaanza tena. Waliopiga simu kwenye vibanda vya intaneti Afrika Mashariki kabla ya 2009 wanaijua hali hiyo. Wakati huo sehemu kubwa ya intaneti yetu ilipita kwenye setilaiti iliyo karibu kilomita 36,000 juu. Kupanda na kushuka tu ni kama robo sekunde, na jibu linarudi kwa robo nyingine. Mikongo ya baharini ya TEAMS na SEACOM ilipofika pwani yetu mwaka 2009, na EASSy mwaka uliofuata, ndipo simu za intaneti zikawa na maana. Na Mei 2024, EASSy na SEACOM zilipokatika kwa pamoja, kila mtu aliona tofauti.

Kwa hiyo, ukipima mtandao, usiangalie tu namba kubwa ya kupakua. Angalia ping, ambayo inahesabu muda wa ujumbe kwenda na kurudi, na kasi ya kupakia, maana sauti yako na picha yako zinapanda kwa njia hiyo. Pima jioni saa mbili, watu wote wakiwa nyumbani. Kipimo cha saa nne asubuhi kinadanganya.

Kwa mpangilio: faiba (waya wa intaneti unaopitisha mwanga) hadi nyumbani ndiyo ya kwanza kama inafika mtaani kwako. Ruta ya laini ya 4G ni ya pili, na kwa sehemu nyingi ndiyo halisi; iweke dirishani upande unaotazama mnara. Intaneti ya setilaiti za chini kama Starlink, ambayo Kenya wanayo tangu 2023, haina ule ucheleweshaji wa zamani kwa sababu setilaiti zake ziko kilomita mia kadhaa tu juu. Ni mkombozi kwa walio mbali na mnara, ila gharama ya kuanzia ni kubwa, na kwa mtu wa mjini mwenye faiba siioni sababu. Kurusha intaneti kutoka kwenye simu naiweka ya mwisho: simu inapata joto, mwenye simu anatoka kwenda dukani, na kikao kinakufa.

Nunua pia waya wa mtandao wa mita chache kutoka ruta hadi kompyuta. Ni bei ndogo, na kukatikakatika kwingi kunakolaumiwa kampuni ya intaneti kunatokana na waifai inayopita kuta mbili za tofali na friji. Kama waya hauwezekani, sogeza meza karibu na ruta.

Na kama unatumia bando la kuhesabu, nenda kwenye mipangilio ya mtandao ya Windows, uwashe chaguo lililoandikwa "Metered connection". Usipofanya hivyo, kompyuta inaweza kuanza kupakua masasisho yake huku wewe unaongea na mtoto, na bando la wiki likaishia hapo.

Kompyuta

Kwa kazi hii laptopu ya mtumba iliyotoka ofisini inatosha kabisa: HP EliteBook, Dell Latitude, Lenovo ThinkPad. Zimejengwa kwa matumizi mazito na vipuri vyake vinapatikana Kariakoo na Nairobi mjini. Naiweka mbele ya laptopu mpya ya bei ya chini, ambayo mara nyingi ina prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, dhaifu inayohema mara tu video inapowashwa. Kompyuta ya mezani inakuja baada ya hizo, si kwa ubovu wake bali kwa sababu ya umeme. Ukikatika, laptopu inaendelea na betri.

Muuzaji akikwambia prosesa "ni Core i5", hajakwambia kitu. Uliza namba inayofuata baada ya kistari. i5-8250U ni kizazi cha 8. I5-6300U ni cha 6. Tofauti hiyo ni ya hela, kwa sababu Windows 10 iliacha kupata msaada wa kawaida wa Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel inadai rasmi kizazi cha 8 kwenda juu. Cha 6 kikiwa na bei nzuri sana unaweza kukichukua ukaweka Linux Mint, mfumo wa bure unaochukua nafasi ya Windows, ila jua kwamba WhatsApp haina programu yake rasmi ya Linux. Utategemea Google Meet, Telegram au Signal. Chukua RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya gigabaiti 8, na diski ya SSD, isiyo na sehemu inayozunguka, si ile ya kuzunguka.

Kabla ya kutoa hela, fanya majaribio palepale kaunta. Chomoa chaja, uiache iwake na mwanga wa juu kwa dakika kumi huku mkiendelea kupatana bei. Betri ikishuka kwa zaidi ya asilimia kumi na tano, ihesabu kama imekwisha na umkate bei. Fungua programu ya kurekodi sauti, soma kwa sauti maneno yaliyo kwenye boksi lolote la dukani, kisha jisikilize. Chomeka hedseti yako kwenye kila tundu la USB, moja baada ya jingine, uone kama inatambuliwa. Sikiliza feni: ikivuma sana wakati hakuna kilichofunguliwa, vumbi limejaa au gundi ya kupitisha joto la prosesa imekauka, na mvumo huo ndio ndugu zako watakaousikia. Muuzaji asiyekubali majaribio haya mwache. Maduka ni mengi.

Programu za kupigia

Hapa chaguo si lako peke yako, ni la aliye upande wa pili. Kwa ndugu aliye Ulaya, Marekani au hapahapa, WhatsApp ya kompyuta ndiyo ya kwanza, kwa sababu namba zote unazo tayari na simu ya kikundi inabeba hadi watu 32. Kumbuka tu kwamba simu yako ikikaa zaidi ya siku 14 bila kutumia WhatsApp, kompyuta itaondolewa na utalazimika kuiunganisha upya.

Kwa aliye Ghuba mambo ni tofauti. Falme za Kiarabu na Oman zimekuwa zikizuia simu za WhatsApp kwa miaka mingi, ingawa meseji zinapita. Dubai watu wengi hutumia BOTIM, ambayo ina kibali. Usimshauri dada wa kazi au dereva aliye kule atumie VPN (programu inayoficha mahali ulipo mtandaoni) kukwepa zuio. Sheria ya Falme za Kiarabu kuhusu kutumia VPN kufanya kosa ina faini inayoanzia dirhamu 500,000. Mwulize kwanza yeye anatumia nini na kinapita, kisha weka hichohicho kwenye kompyuta ya nyumbani.

Google Meet naipenda kwa wazee, maana mtu anabonyeza kiungo tu ndani ya kivinjari. Simu ya watu watatu na zaidi inaishia dakika 60 kwa akaunti ya bure. Zoom ya bure inaishia dakika 40. Kwa kikao cha harusi cha Waswahili, mnajua hizo hazitoshi.

Kama unahitaji kupiga namba ya kawaida ya simu, mfano ofisi ya chuo kilichoko Uingereza, tumia huduma ya kulipia kama Viber Out. Angalia bei ya nchi husika kabla ya kuweka salio: namba za Marekani na Uingereza huwa nafuu, lakini za Tanzania mara nyingi ni ghali, kwa hiyo ndugu wa nje asidhani atakupigia kwenye laini yako kwa bei ya chee. Miongozo ya zamani bado inasema ununue salio la Skype. Skype ilifungwa Mei 2025, asikuuzie mtu.

Kamera, na umeme

Kamera ya ndani ya laptopu inatosha. Kabla ya kununua ya nje, geuza meza ili dirisha liwe mbele yako na si mgongoni, na inyanyue laptopu kwa vitabu viwili ili ikutazame usoni.

Hela hiyo ya kamera iweke kwenye UPS ndogo ya ruta, yaani betri ya akiba. Laptopu ina betri lakini ruta haina, na umeme ukikatika ni ruta inayozima kwanza. Soma kibandiko cha chini ya ruta uone inataka volti ngapi na ampea ngapi, nyingi ni volti 12, na ununue inayolingana. Nenda na chaja ya ruta dukani, ili pini ijaribiwe mbele yako.