Megestroli au deksamethasoni kwa mgonjwa wa saratani asiyekula?
Deksamethasoni, dawa ya steroidi, miligramu 2 hadi 4 asubuhi, hurudisha hamu ya kula ndani ya siku chache, na jijini Nairobi bei yake si ya kutisha. Tatizo, nguvu yake hufifia baada ya wiki chache, huku sukari ikipanda, mapaja yakilegea na utando mweupe ukitanda mdomoni. Ikimezwa jioni, usingizi hupaa.

Megestroli, dawa ya homoni, miligramu 160 hadi 800 kwa siku, hufanya kazi polepole. Uzito huongezeka kwa baadhi, ila mwingi ni mafuta na maji, si misuli. Hatari kubwa ni damu kuganda: mguu mmoja ukivimba na kuuma, hospitali siku hiyohiyo. Aliyewahi kuganda damu aiepuke. Aliyebakiwa na wiki chache, deksamethasoni inamfaa zaidi. Zote zikitumika kwa muda mrefu, hazikatwi ghafla. Tezi za adrenali, zilizo juu ya figo na zinazotengeneza steroidi ya mwili wenyewe, huwa zimelala.