Nesi wa kidonda anayekuja nyumbani baada ya upasuaji wa kisigino: uzoefu wangu

Ukivunjika kisigino ukaambiwa utapasuliwa, tenga pesa ya nesi wa kidonda mapema, hata kabla ya kutafuta magongo mazuri. Mimi nilitumia huduma ya wauguzi wanaokuja nyumbani hapa Dar es Salaam, tangu siku nilizokuwa nasubiri upasuaji hadi ngozi ilipofunga kabisa. Nitaeleza walichofanya, wanachotoza na pale wanapolegea.

Niliteleza kwenye ngazi nikishuka kutoka kwenye mnara wa simtanki, nikatua kwa mguu wa kulia. Kisigino huvunjika hivyo mara nyingi: uzito wote wa mwili unashuka na mfupa ulio juu ya kisigino unakipasua. Picha ya CT ilionyesha vipande vingi, kiungo kimebonyea, na mfupa umetanuka pembeni hadi unabana chini ya kifundo. Walinipiga picha ya mgongo pia, maana anayetua kwa visigino mara nyingine huvunjika pingili za kiuno. Ukianguka hivi, usisahau kuiomba picha hiyo.

Daktari bingwa wa mifupa hakunificha kwamba upasuaji huu bado unabishaniwa. Upo utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2014 katika jarida la kitabibu la BMJ, wagonjwa 151, nusu wakapasuliwa na nusu wakatibiwa bila kisu. Baada ya miaka miwili maumivu na uwezo wa kutembea havikutofautiana, ila matatizo yalikuwa asilimia 23 kwa waliopasuliwa na asilimia 4 kwa wenzao. Utafiti ule haukuchukua watu ambao mfupa umetanuka hadi kubana kama wangu, kwa hiyo tukakubaliana nipasuliwe. Lakini asilimia 23 ilinikaa kichwani, na alipoanza kueleza habari ya kidonda nilimsikiliza kwa makini kuliko habari ya vyuma vya kuunga mfupa.

Ngozi ya ubavuni mwa kisigino, upande wa nje, ni nyembamba na chini yake hakuna nyama ya kutosha. Mkato mkubwa una umbo la herufi L, na pale konani ndipo damu hufika kwa shida. Kona ikikosa damu, ngozi inakuwa nyeusi, inafa, kidonda kinafunguka. Kikifika kwenye sahani ya chuma na vijidudu vikaingia, hapo unazungumzia kurudi chumba cha upasuaji kusafishwa, pengine kutolewa vyuma, na wapo waliopoteza mguu. Upo mkato mdogo chini ya kifundo ambao kidonda chake hupona kwa urahisi zaidi, na kama mfupa wako unaruhusu uuombe. Wangu ulikuwa umesambaratika sana.

Aliniuliza kuhusu sigara kabla hajaniuliza kazi yangu. Sigara hubana mishipa midogo ya damu, na kisukari huchelewesha kupona. Hayo mawili, pamoja na mfupa uliotoboa ngozi, ndiyo yanayoharibu vidonda vya kisigino kuliko mengine. Sivuti. Sukari walinipima, ikawa sawa.

Halafu akasema hanipasui sasa. Mguu ulikuwa umevimba hadi ngozi inang'aa, na ukipasua ngozi ya namna hiyo haifungi. Mpaka uvimbe ushuke na ngozi ianze kukunjamana, jambo ambalo kwa kawaida huchukua wiki moja hadi mbili, na isipite wiki ya tatu kwa sababu mfupa unaanza kuunga ulivyo. Niliwekewa plasta ngumu (POP) ya upande wa nyuma tu, nikaruhusiwa kusubiri nyumbani. Ndugu walilalamika kwamba nimerudishwa bila matibabu. Kumbe huko kusubiri ndiko matibabu yenyewe, na hapo ndipo nilipowapigia wauguzi hawa.

Sista aliyekuja alikuwa mama wa makamo, mpole, lakini haachi jambo. Alinikuta nimelala, kisigino kimekaa juu ya mto. Akauondoa mto palepale. "Kaka, mto unakaa chini ya shavu la mguu. Kisigino kielee, kisiguse kitu." Akaupandisha mguu ufike usawa wa moyo au juu yake kidogo, akatumia godoro la mtoto lililokunjwa, nami nikakaa hivyo mchana na usiku. Alilegeza bandeji iliyokuwa imebana, akabonyeza kucha za vidole kuona damu inavyorudi, akanionyesha namna ya kuchezesha vidole kila mara. Barafu aliifunga kwenye kanga, dakika chache kisha inaondoka, isigusane na ngozi. Akatuachia onyo moja: maumivu yakizidi ghafla na vidole vikiuma kupita kiasi vikinyooshwa, hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane.

Yalitokea malengelenge, mengine ya maji, moja la damu. Mama mkwe wangu, kwa upendo wote, alikuwa ameshachemsha maji ya kunikanda. Sista alimketisha, "Mama, maji ya moto yanaongeza uvimbe, tukiukanda mguu huu daktari ataahirisha tena." Hakumdhalilisha, na mama mkwe akawa ndiye mlinzi mkali wa mguu wangu kuliko wote. Malengelenge hayakupasuliwa kwa sindano. Yalifunikwa kwa shashi safi. Lile la damu lilimfanya daktari asogeze mbele tarehe, kwa sababu lengelenge la damu ni dalili kwamba ngozi imeumia ndani zaidi.

Baada ya upasuaji niliondoka wodini na maelekezo matatu: mguu juu, usikanyage kabisa, shashi isiguswe ovyo. Wauguzi wakaanza ziara za siku moja moja. Wananawa, wanavaa glovu safi, wanaosha kwa maji ya chumvi ya hospitali, wanakausha kwa kugusagusa bila kusugua. Hawaweki spiriti kwenye mshono, wala asali, na kuhusu ule mtindo wetu wa kufungua kidonge cha rangi mbili na kumwagia unga kwenye kidonda, sista alisema unga unaganda, unafunika usaha, daktari akija haoni kitu. Kila ziara alipiga picha kwa simu, pembe ileile, mwanga wa dirishani, na rula pembeni.

Picha hizo ndizo zilizolipa gharama yote. Nyuzi zikiwa bado ndani, kona ya L ilianza kuwa na rangi ya zambarau, kisha ukingo mwembamba mweusi, na majimaji kidogo. Mimi nisingeona tofauti, ni kwa nyuma huko na kila siku kidonda kinaonekana kilekile. Yeye aliweka picha mbili kando kwa kando akazituma kwa daktari wangu akiwa bado amekaa sebuleni. Jibu likaja: aje kesho. Daktari akasimamisha mazoezi ya kifundo niliyokuwa nimeanza, maana kila ukichezesha, kona inavutwa. Akarudisha plasta, akaandika antibayotiki za kumeza, shashi ibadilishwe kila siku, nyuzi zibaki zaidi ya wiki tatu za kawaida. Ngozi iliyokufa ilikuwa ya juu tu. Ilibanduka polepole, chini ikatoka nyama nyekundu, na kidonda hakikufika kwenye chuma.

Alisimamia hata chakula: yai, maharage, dagaa, maziwa, kwa sababu ngozi haijengwi kwa uji mtupu. Mke wangu alimsikiliza zaidi ya anavyonisikiliza mimi.

Sasa malipo. Nililipa shilingi 30,000 kwa ziara, na vifaa kando. Hapo kwenye vifaa ndipo wanapohitaji kujirekebisha: bei ya shashi na maji ya chumvi hawakuiandika kwenye makubaliano, na ziara zilipokuwa za kila siku bili ilipanda bila mtu kunitahadharisha. Bima yangu hailipi uuguzi wa nyumbani. Baadaye nilinunua shashi mwenyewe duka la dawa, hawakukataa, na ningewashauri wawaambie wateja hivyo tangu mwanzo.

La pili ni zito zaidi. Sista wangu alipokwenda msibani walileta kijana ambaye hakupewa picha za awali. Alifanya kazi safi, lakini nilipomuuliza kama ule weusi umeongezeka hakuwa na cha kulinganisha. Kwa kidonda cha kisigino hilo ni pengo kubwa, kwani uzuri wote wa huduma yao uko kwenye kulinganisha. Nililalamika, na tangu hapo picha zinawekwa kwenye faili la mgonjwa, wala hazibaki kwenye simu ya muuguzi mmoja.

Nawapa nyota nne. Aliyekatwa mkato mdogo, hana kisukari, na ana mtu nyumbani aliyefundishwa kufunga kidonda, pengine atatosheka na kliniki ya kawaida. Mwenye ule mkato mkubwa, au mwenye sukari, au anayeishi mbali na hospitali yake kiasi cha kushindwa kwenda kuonwa mara kwa mara, awachukue, na aanze nao kabla ya kisu. Aulize kwanza ni nani anayepeleka picha kwa daktari aliyempasua, na ndani ya muda gani. Na aulize habari ya Jumapili, kwa sababu siku hiyo hawana muuguzi wa ziara, simu tu. Nimewaambia wamweke mmoja, wamesema wanatafuta. Hadi watakapompata, anayepasuliwa Ijumaa apange mapema nani atamwangalia mguu mwisho wa wiki.