Mafundi wa makaburi ya terazo, barabara ya Moshi–Himo: mkono mzuri, ahadi za kusukuma

Anayetafuta fundi wa kujengea kaburi huuliza bei kwanza, kwa hiyo naanza nayo. Kaburi la Mama, terazo nyeupe yenye kokoto nyeusi na jiwe la maandishi kichwani, limetugharimu milioni moja na laki mbili, bila usafiri. Usafiri tuliambiwa "tutaelewana." Ukisikia hivyo kwa fundi yeyote, simama hapo hapo muelewane.

Mama tulimzika nyumbani Kilema, mlimani Kilimanjaro, kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo linalozunguka nyumba, pembeni ya Baba, kama ilivyo kwetu Uchagani. Udongo wetu ni laini na hutitia. Ukijengea kaburi bichi, haupiti muda terazo imepasuka katikati. Tukasubiri ardhi itulie, ndipo mwaka uliofuata tukaanza kuzunguka kwenye karakana. Kwingine kote nilipewa simu yenye picha nichague: hili la msalaba mkubwa, hili la njiwa, hili kama alilojengewa mzee fulani. Hawa wa njia ya Himo ndio waliouliza kabla hata ya vipimo: "Dada, mama alikuwa anafanya shughuli gani?"

Alikuwa anauza ndizi. Kahawa ilikuwa ya Baba: mibuni yake, hela yake, risiti zake za chama cha msingi cha ushirika ndani ya kopo juu ya kabati. Ndizi zilikuwa za Mama, kama zilivyo za wanawake wengi wa mlimani. Bei ya kahawa ilipoanguka hakuna aliyerudishwa nyumbani kutoka shule kwa kukosa sare, maana ndizi hazisubiri malipo ya pili ya chama kama kahawa. Alikuwa akipitisha kidole gumba kwenye pembe za ndizi ikiwa bado mgombani. Pembe zikiwa kali anaacha, zikishajaa na kuviringika anakata. Sijawahi kumwona akikosea, hata macho yalipoanza kumsumbua.

Wajukuu ndio waliomfaidi zaidi, kwa sababu sisi watoto wake alitulea akiwa na haraka. Wao aliwaweka chini na mkungu mbele yao: una chane ngapi, chane moja shilingi ngapi, mteja akiomba upunguze unabaki na nini. Aliyekosa anarudia. Mmoja wao leo ni mhasibu. Na daftari la madeni! Wateja wengine hakuwajua majina, akaandika "yule wa kitenge cha kijani", "mama pacha", "anayecheka sana." Baada ya mazishi wadaiwa wengine walikuja wenyewe kulipa, na anayecheka sana alikuwemo, analia.

Haya yote nilimweleza fundi nimekaa kwenye ndoo ya rangi, naye anasikiliza huku mteja mwingine anamsubiri. Akapendekeza badala ya ua au njiwa achonge mgomba kwenye jiwe. Tukafurahi. Rasimu ilipokuja kwenye simu, mjukuu wa miaka tisa akaitazama akasema, "Kwani Bibi alikuwa anakaa Tanga?" Fundi alikuwa amechora mnazi. Shina jembamba limepinda, makuti juu. Nilipompigia hakujitetea. Siku alipopanda kupima aliingia shambani, akasimama chini ya mgomba wa mshare akachora upya kwa penseli, jani lililochanwa na upepo na mkungu unaoning'inia na ua lake chini. Ndio uliopo leo kwenye jiwe. Chini yake kuna jina la ubatizo, jina la ukoo, 1941–2023, na "Mama na Bibi." Yale maneno ya siku zote, tulikupenda lakini Mungu amekupenda zaidi, aliyataja mara moja, na tulipokataa hakuyarudia.

Picha ya kauri pia tuliulizia. Tulikuwa na ile ya kitambulisho cha mpiga kura, ambayo Mama anaonekana kama yuko kituo cha polisi. Fundi akatuambia tuache, isipochomwa vizuri jua linakula rangi na baada ya miaka utakuwa unamtazama mtu asiye na macho. Hiyo ni hela aliyoikataa mwenyewe, na nampa maksi.

Kazi ya terazo nilikaa nikaitazama. Walichanganya kokoto za marumaru na saruji nyeupe, wakamwaga, wakaiacha ishike, ndipo wakasugua kwa mashine huku wakimwagia maji, jiwe la kukwaruza kwanza, laini baadaye. Vitundu vilivyojitokeza walivijaza saruji na kusugua upya. Ulizeni kama fundi wenu anafanya hatua hiyo, maana wengi wanairuka, na mvua zikinyesha kidogo tu kila kitundu kinaota ukungu. Kingo zimeviringwa, jambo la maana kwenye kihamba, ambapo watoto watakalia kaburi upende usipende.

Vijana wake walitaka kukata shina la mshare lililo miguuni ili wapate nafasi ya mashine. Kaka akagoma, lile alilipanda Mama. Fundi akaupunguza ukingo wa upande ule bila ubishi. Kwa hiyo kaburi lina upande mmoja mwembamba kidogo. Mgeni haoni, mimi naona, na napenda liwe hivyo.

Sasa lawama. Tuliahidiwa litakuwa tayari kabla ya tarehe 2 Novemba, siku ya kuwaombea marehemu wote, na padre tulishamwambia. Kokoto zikachelewa. Simu ikawa haipatikani. Vuli ikaingia, na kirikuu iliyobeba saruji ikanasa kwenye kipande cha mwisho cha udongo mwekundu. Vijana wa jirani wakabeba mifuko mabegani, tukawalipa sisi, juu ya nauli ya kirikuu tuliyolipa sisi pia. Kaburi lilibarikiwa Desemba, watu walipopanda kwa Krismasi. WAWATA wenzake, akina mama Wakatoliki, wakaja na vitenge vyao vya sare, na wajukuu karibu wote walikuwepo, hata wa Mwanza. Ilipendeza kuliko ambavyo ingekuwa Novemba, lakini hiyo haiwi sifa ya fundi.

Kaburi la Baba bado ni la saruji tupu, na sasa linaonekana vibaya pembeni ya la Mama. Kazi tumewapa hao hao. Safari hii tumeandikiana: usafiri uko ndani ya bei, nusu ya hela inabaki kwetu mpaka mashine izimwe, na tarehe ya mwisho ni Septemba. Fundi ameshauliza Baba alikuwa anafanya shughuli gani.