Vifaa vya smati vya nyumbani huku Mbeya: kipi ununue kwanza na kipi kisubiri

Watu wakitaka kufunga kamera na taa za kuwashia kwa simu swali lao la kwanza huwa ni kampuni gani nzuri, mi naona swali la kwanza liwe hili: umeme ukikatika na bando likiisha, hicho kifaa kinabaki kinafanya nini? Maana vingi vimetengenezwa kwa nyumba ambayo umeme hauzimi na intaneti ipo saa zote, alafu vinaletwa kwetu Uyole, Tukuyu, Makambako, ambako ngurumo za mvua zikianza tu umeme unaondoka nazo. Nimepanga kwa kipimo hicho, sio kwa uzuri wa boksi.

Namba moja, bila kusita, ni kamera ya Wi-Fi inayochukua memori kadi, pamoja na UPS ndogo, yani betri ya kushikilia rauta na kamera umeme ukikatika. Kamera kama TP-Link Tapo zinarekodi kwenye kadi humo humo ndani, hulazimiki kulipia hifadhi ya mtandaoni kila mwezi, na intaneti ikikata kamera inaendelea kurekodi, utakachokosa ni kuangalia ukiwa mbali. Tapo C200 ni ya ndani, usiifunge barazani ikapigwa na mvua, ya nje ni kama C500 ambayo inazunguka na imekingwa maji kwa kiwango cha IP65. UPS unayonunua iendane na adapta zako, soma maandishi yake, nyingi ni volti 12 au 9, usikadirie.

Kuna jambo la huku kwetu wauzaji hawaligusi, ukungu. Kamera usiku inamulika kwa mwanga ambao jicho halioni, sasa ukungu ukishuka ule mwanga unagonga matone ya maji na kurudi kwenye lensi, picha yote inakuwa nyeupe, geti halionekani kabisa. Dawa yake ni taa ya kawaida iliyofungwa mbali kidogo na kamera, upande mwingine wa geti, alafu zima ule mwanga wa kamera kwenye apu. Na buibui nao wanapenda kutanda pale pale mbele ya lensi, utaletewa taarifa za mwizi usiku kucha kumbe ni utando, kwaio pitisha kitambaa mara kwa mara.

Kamera isielekee dirishani kwa jirani, na kama ipo sebuleni mwambie dada wa kazi kwamba ipo. Ni utu, na tangu 2022 nchi ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Namba mbili ni kamera ya laini yenye sola, hii ni kwa mwenye kiwanja kinachojengwa au shamba ambako umeme haujafika. Inatumia laini ya simu, kwaio kabla hujalipa simama pale pale utakapoifunga na simu yenye laini hiyo, uone kama mtandao unapanda. Rungwe mawingu yanaweza kukaa siku nyingi na betri ikapungua, chukua yenye paneli kubwa. Makete na Njombe mwezi wa sita na wa saba kunaganda, na betri za lithiamu hazitakiwi kuchajiwa chini ya nyuzi 0, muulize muuzaji kama kamera inajilinda na hilo.

Tatu ni taa, na hapa nashauri swichi za smati badala ya balbu. Balbu ya smati mtoto akiizima ukutani imekufa, apu haiioni tena, na nyingi umeme ukirudi saa tisa usiku zinawaka zote nyumba nzima mpaka uingie kwenye apu ubadilishe ule mpangilio. Kifaa kidogo kama Sonoff kinakaa nyuma ya swichi yako ya zamani, mkono unawasha kama kawaida na simu nayo inawasha. Ila kabla ya kununua mwambie fundi azime breka, afungue swichi moja mhesabu nyaya. Nyumba nyingi utakuta mbili tu, laivu (waya unaoleta umeme) inayoingia na inayokwenda kwenye taa, nyutro (waya wa kurudisha umeme) imeishia juu darini, na Sonoff nyingi bila nyutro haziwaki. Ipo ZBMINIL2 isiyohitaji nyutro lakini inatumia Zigbee, mawasiliano mengine yasiyo Wi-Fi, yani lazima uwe na kituo chake cha kuunganishia. Fundi akikwambia achukue nyutro kwenye waya wa ethi (ule wa usalama unaokwenda ardhini), mfukuze, ni hatari.

Balbu za bei ndogo za apu ya Smart Life weka moja mbili barazani zijiwashe jioni, inatosha. Philips Hue ni nzuri kweli na inafanya kazi ndani ya nyumba hata bila intaneti, ila bei yake kwa wengi wetu ni ya baadae.

Burudani naiweka mwisho. Tivi ya Android au kiboksi chake sawa, lakini video ya HD inaweza kula GB 3 kwa saa, mwenye bando la wiki ashushe ubora. Weka na TV guard, kile kifaa cha kuikinga tivi umeme ukipanda na kushuka. Spika ya Alexa, ile unayoiamrisha kwa sauti, isubiri, haielewi Kiswahili, bibi atabaki anatafuta rimoti.

Dukani Mwanjelwa au popote, washa kifaa hapo hapo kabla hujatoa hela, kiunganishe na simu yako, na kumbuka vingi vinashika Wi-Fi ya GHz 2.4 tu. Apu isajiliwe kwa namba au imeili yako mwenyewe, fundi akiondoka badilisha nywila ya kamera na ya rauta siku hiyo hiyo.